Honi Ile Nilikuwa Naipiga Mimi

Mwezi wa tano mwaka 2013 nilikuwa nateremka na Fuso kutoka Njombe kuja Makambako, nimepakia mbao za paina zimepita kimo cha kichwa cha gari. Mtwango tulikuwa tumeshaiacha nyuma. Mbele yangu kulikuwa na mwanaume juu ya baiskeli, amefunga kwenye keria gunia la viazi la lumbesa, na juu ya kilemba cha gunia amelaza jembe. Nyuma yangu basi linanisukuma. Mbele linakuja lori jingine. Ningeweza kushika breki nikamfuata yule mtu polepole kwa nusu dakika mpaka lori lile lipite. Sikufanya hivyo. Nilimsogelea mpaka akawa chini ya kioo changu, nikaibana honi ya upepo na sikuiachia.

Baiskeli iliyumba, tairi la mbele likadondoka kwenye ile ngazi ambayo mvua huichimba kati ya lami na udongo, na mtu akaenda chini na mzigo wake. Kwenye kioo cha pembeni niliona gunia limepasuka, viazi vinabingirika barabarani. Utingo alitoa kichwa dirishani akasema, "Kaka, kaanguka." Nikamjibu, "Atanyanyuka." Nikapandisha gia. Makambako nilikula wali maharage kwa mama lishe, nikalala usingizi mzito.

Miaka tisa sikumwambia mtu yeyote habari hiyo. Leo naiandika kwa kuwa nafanya mazoezi ya kwenda Butiama kwa baiskeli, watu wananisifu, na kila wanaponisifu namwona yule mtu kwenye kioo.

Mimi ni mtoto wa Makambako. Nilizaliwa mwaka 1975, wakati Wachina na Watanzania wanamalizia reli ya TAZARA, ile iliyokabidhiwa rasmi mwaka uliofuata. Mji wetu umekuzwa na njia. Reli inapita, barabara kuu ya kwenda Mbeya, Tunduma na Zambia inapita, na ya kwenda Njombe na Songea inachepukia hapa hapa. Watoto wa kiume wa Makambako tulikuwa tunayatambua malori kwa mngurumo tu, tukiwa ndani tumelala. Baba yangu hakuwa na lori. Alikuwa na baiskeli ya Swala, zile zilizokuwa zikitengenezwa Dar es Salaam, na kwa baiskeli hiyo alibeba mahindi, mkaa, bati za nyumba yetu, na mimi nikiwa nimekaa kwenye mtalimbo, miguu yangu imening'inia upande mmoja. Wenzangu walishuka kwenye Land Rover za baba zao, mimi nashuka kwenye mtalimbo. Nilipopata leseni nikajiapiza kwamba baiskeli na mimi basi. Nadhani dharau yangu kwa watu wa baiskeli ilianzia hapo, kwenye aibu ya mtoto, na honi ilikuwa njia ya kuitangaza.

Niliendesha miaka ishirini na mbili. Mbao na nguzo za umeme kutoka Njombe, viazi kwenda Dar es Salaam, baadaye semi za kwenda Tunduma. Mwaka 2021, nikiwa kwenye foleni ya Tunduma siku ya tatu, nilivua viatu nikakuta nimekanyaga msumari na sikuwa nimeusikia. Soksi ilikuwa imejaa damu iliyokauka. Hospitalini wakanikuta na sukari 19 na presha 180 kwa 110. Daktari alikuwa kijana, angeweza kuwa mwanangu. Aliniambia kwa adabu, "Mzee wangu, mguu huu ukiendelea kukaa tu, tutaukata." Tajiri wa gari akapata dereva mwingine ndani ya wiki moja. Simlaumu.

Nilikaa nyumbani miezi mingi nikiwa mtu wa kulalamika. Shemeji yangu alipohamia Songea aliacha kwetu baiskeli ya Phoenix, nyeusi, nzito, breki za fito. Mke wangu ndiye aliyeipeleka kwa fundi bila kuniambia. Akairudisha imepakwa mafuta, akaiegemeza ukutani, akasema, "Daktari alisema utembeze miguu. Hiyo hapo." Ilikuwa Jumapili, mwezi wa nne mwaka 2022.

Asubuhi yake nilitoka kuelekea Lyamkena, kwenye barabara ya Njombe. Kilima kidogo ambacho kwenye Fuso sikuwahi kujua kama ni kilima kilinishusha. Nikasukuma. Nikapanda tena. Nilikuwa nahema, natazama tairi la mbele tu, ndipo nikaisikia nyuma yangu. Mtu aliyeishi na honi ya upepo huijua. Ile ya kuonya ni fupi, mara mbili, kama mtu anabisha hodi. Ile nyingine haikatwi, inasogea nayo, inakua mpaka inaingia mfupani. Hii ilikuwa ile nyingine.

Niwaeleze kinachotokea, kwa sababu kwenye usukani huwezi kukijua. Lori likikupita kwa kasi, kwanza linakusukuma. Hewa linayoichana kwa uso wake inakupiga bega la kulia na kukutupa kushoto, kwenye ile ngazi ya udongo. Unajitahidi kurudi, unaegemea kulia. Hapo hapo lori linakuwa limepita, na nyuma yake pana uwazi unaokuvuta kuelekea kwenye matairi. Unasukumwa na kuvutwa ndani ya pumzi moja. Kisha unabaki na vumbi na harufu ya mpira, mikono inatetemeka, na gari limeshakuwa dogo mbele kama halikukufanya lolote.

Sikuanguka siku hiyo. Nilishuka, nikakaa kwenye nyasi. Nilisema kwa sauti, peke yangu: honi ile nilikuwa naipiga mimi.

Jioni nilimsimulia mke wangu habari ya viazi. Yeye ni mtu wa maneno machache. Aliuliza, "Alikuwa na umri gani?" Nikagundua kwamba sijui. Sikuwa nimemtazama uso. Nilimjua kwa gunia tu.

Kuanzia hapo niliendesha kila siku, na sitadai kwamba nilifanya kwa toba. Niliendesha kwa hofu ya kukatwa mguu. Lakini kitu kimoja kilianza kubadilika bila mimi kukiita: nilianza kuwaona watu. Barabara ile niliyoipita maelfu ya mara ilikuwa na watu kila mita mia mbili. Wanafunzi alfajiri, kabla ya jua, sweta za shule zimevutwa hadi viganjani kwa baridi. Akina mama na kuni. Vijana wa mkaa wanaosukuma baiskeli badala ya kuipanda, maana mzigo umezidi kimo chao. Wazee wanaokwenda mnadani. Ukiwa juu ya baiskeli unawaamkia, nao wanakuitikia. "Kamwene." "Kamwene." Dereva wa Fuso hajawahi kuamkiwa "kamwene" barabarani.

Mwaka uliofuata nilikutana na vijana watatu wa Njombe wanaoendesha pamoja kila Jumamosi, mmoja mwalimu wa sekondari, mmoja mfanyabiashara wa maparachichi, mmoja muuguzi. Walinikuta nimeketi karibu na Kibena nikipumua. Mwalimu alinisalimu shikamoo, akanipa maji, kisha akaniambia habari za Twende Butiama.

Pengine wengine mnaifahamu. Ilianza mwaka 2019. Waendesha baiskeli wanatoka Dar es Salaam, wanakata nchi zaidi ya kilomita elfu moja, na wanalenga kufika kijijini kwa Mwalimu Nyerere mkoani Mara tarehe 14 Oktoba, siku aliyofariki mwaka 1999. Njiani wanapanda miti, wanatoa madawati shuleni. Yule kijana aliniambia pia jambo nililolisoma shuleni nikalisahau, kwamba Oktoba 1967 Mwalimu mwenyewe, akiwa Rais, alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuunga mkono Azimio la Arusha, zaidi ya kilomita 200, siku nane. Rais wa nchi, pembeni ya barabara, kwa miguu. Nilirudi Makambako siku hiyo nateremka, upepo machoni, na nilipofika stendi nilikuwa nimeshaamua.

Sasa mazoezi. Watu wananiuliza sana, basi nieleze vizuri.

Njombe iko juu, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na Makambako iko chini yake kwa mita mia mbili tatu hivi. Kati yake ni kama kilomita 60 za kupanda na kushuka, na kupanda ndiko kunakoshinda. Mara ya kwanza kuimaliza nilitumia saa sita na dakika kumi, nikasukuma vilima vinne. Nilipofika kwenye mashamba ya chai ya Kibena na ile miwati ambayo upandaji wake ulianza mwaka 1949, niliona ukungu umelala chini juu ya majani kama maziwa yaliyomwagika, na nikasikia mto Ruhuji unaporomoka mlangoni mwa mji. Nilikuwa nimepita hapo kwa gari zaidi ya miaka ishirini nisijue kwamba maporomoko yale yanasikika barabarani.

Jumanne na Alhamisi naendesha saa moja tu, tambarare, kwa mwendo wa kuweza kuongea. Jumamosi ni safari ndefu: Makambako hadi Njombe na kurudi siku hiyo hiyo, na mara mbili tumekwenda Mafinga, tukalala, tukarudi. Jumapili ni kanisani na kupumzika. Kosa langu la mwanzo lilikuwa kutaka kushinda kila siku. Muuguzi alinifundisha kwamba mwili unajengeka wakati umelala, na kwamba mwenye sukari hatakiwi kushindana na vijana wa miaka ishirini na tano.

Alisema kweli. Siku moja mwezi wa nane, kati ya Mtwango na Kibena, nilianza kutoka jasho la baridi, mikono ikatetemeka, macho yakaona giza pembeni. Nilikuwa nimekunywa dawa na nikaondoka na chai ya rangi tupu. Nilishuka nikakaa. Mama mmoja aliyekuwa anauza ndizi mbivu chini ya mkaratusi alinitazama, hakuuliza kitu. Alimenya ndizi akanipa mkononi, akamenya ya pili. Nilipopata nguvu nikatafuta pesa mfukoni, akasema, "Kula kwanza baba, hela haikimbii." Ndugu zangu wenye kisukari mnaotaka kuanza mazoezi, pimeni kabla ya kutoka, na msitoke bila kitu cha sukari mfukoni. Mimi sasa nabeba ndizi tatu, viazi vya kuchemsha vyenye chumvi, na pakiti ya glukosi iliyofungwa kwa raba kwenye usukani, mahali ambapo hata macho yakipata giza mkono utaifikia.

Na baridi. Mtu wa Dar es Salaam akisikia baridi ya Njombe anafikiri ni hadithi. Mwezi wa sita na wa saba, saa kumi na moja alfajiri, majani ya pembeni ya barabara yanakuwa meupe, ukiyakanyaga yanavunjika. Vidole vinakufa ganzi mpaka breki huisikii, na kwa mguu kama wangu ganzi ni jambo la kuogopa. Navaa soksi mbili mikononi na magazeti ya zamani kifuani chini ya koti. Gazeti linazuia upepo kuliko sweta. Nikifika Njombe nalitoa limelowa jasho, herufi zimehamia kwenye fulana.

Phoenix ya shemeji ilinifundisha, lakini isingefika Butiama. Nilinunua ya mtumba yenye gia, shilingi 280,000, na fundi wa pale karibu na stesheni akaifungua yote mezani mbele yangu. Mzee huyu nilikuwa nampita kila siku nikiwa dereva. Ana meza, sufuria la mafuta ya taa, na kopo la gololi. Anapokaza spoku hatumii macho. Anazigonga moja moja kwa ukucha wa kidole cha shahada, kichwa ameinamisha, anasikiliza. Zinazokaza zinalia juu, zilizolegea zinalia chini, na ile inayotaka kukatika haina mlio kabisa. Alinigongea moja iliyokuwa bubu, akasema, "Hii ingekuacha porini." Akaibadilisha kwa shilingi mia tano. Rimu ikazunguka bila kuyumba hata unene wa unywele. Nilisimama pale nikafikiri juu ya baba yangu na Swala yake, na idadi ya watu wanaopata ugali kwa sababu mtu mmoja anasikiliza spoku.

Mpaka hapo nilijua naendesha kwa ajili ya madawati na miti, na hiyo inatosha. Kilichoniongezea sababu ya pili ni mama mmoja.

Tulikuwa tunapanda upande mmoja na yeye, asubuhi. Baiskeli ya kike, kikapu mbele, begi la bluu mgongoni. Kila gari kubwa lilipokaribia alishuka, akaivuta baiskeli hadi kwenye nyasi, akasubiri, akapanda tena. Nilipomfikia nikamwamkia, nikamuuliza kwa nini anashuka wakati bado lori liko mbali. Akasema, "Mwaka juzi sikushuka. Nikavunjika hapa." Akanionyesha mkono wa kushoto, kiwiko hakinyooki. Yeye ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Anawatembelea wagonjwa majumbani, hasa wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, anahesabu vidonge, anawakumbusha tarehe za kliniki, anawatafuta waliopotea. "Siku nyingine nashuka mara thelathini," aliniambia. "Kwa hiyo nyumba ya mwisho huwa sifiki. Jua linazama."

Nyumba ya mwisho huwa sifiki. Maneno hayo yamenikaa.

Msomaji wa mbali pengine hajui uzito wake. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022/2023 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wazima wa mkoa wa Njombe wanaishi na virusi vya UKIMWI, mkoa wa kwanza nchini, wakati wastani wa taifa ni asilimia 4.4. Ule wa mwaka 2011/2012 ulikuta asilimia 14.8. Hakuna ukoo hapa ambao haujazika. Sisi madereva tuna sehemu yetu katika hesabu hiyo, tulivyolala kwenye magesti ya barabara kuu tukajiona wageni wasio na deni kwa mtu. Dawa zipo, zinatolewa bure, na anayezimeza kila siku anaishi, analima, anasomesha. Ila kuna watu ambao kati yao na dawa kuna mama mmoja juu ya baiskeli, na kati ya mama huyo na mgonjwa wake kuna dereva mwenye haraka. Nilikuwa dereva huyo. Sikuwa namwondoa mtu barabarani tu. Kuna nyumba ya mwisho ambayo haikufikiwa kwa sababu yangu.

Kwa hiyo, pamoja na msafara wenyewe, sisi wanne tumeanzisha mchango wetu mdogo: kila anayetaka aahidi shilingi mia moja kwa kilomita, au chochote. Fedha hiyo inatengeneza baiskeli za wahudumu wa afya na kununua viakisi mwanga, vile vya kuvaa na vile vya kufunga kwenye spoku, kwa wahudumu na kwa wanafunzi wanaotembea alfajiri. Hatujaandika jina lolote juu ya mchango huu. Mwalimu anaweka daftari, muuguzi anaweka fedha, mimi nazunguka kuomba.

Na mahali pa kwanza nilipokwenda kuomba ni kwenye maegesho ya malori, Makambako, jioni, madereva wakisubiri chakula. Wengi wananijua. Nilisimama na kofia yangu ya baiskeli mkononi, nikawaambia kisa cha viazi, chote, pamoja na "atanyanyuka". Kimya kilikuwa kirefu. Mmoja akasema barabara ni ya magari, baiskeli zitafutiwe njia zake. Nilimjibu kwamba njia hizo nazitaka kuliko yeye, lakini hazijajengwa, na mpaka zijengwe yule mtoto wa shule hana pengine pa kupita. Mwingine akasema tajiri anampigia simu kila saa kuuliza amefika wapi. Hilo ni kweli, nalijua, na matajiri wa magari wanaosoma hapa walijue pia: kila simu ya "umefika wapi" inashuka mpaka kwenye mguu wa dereva, na kutoka hapo mpaka kwa mtu aliye pembeni. Sheria inampa gari kubwa kilomita 80 kwa saa, na 50 penye makazi. Kati ya Makambako na Njombe makazi hayaishi.

Niliwasomea pia kitu kutoka kwenye simu ya mwalimu. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba ajali za barabarani zinaua watu wapatao milioni 1.19 kwa mwaka duniani, na zaidi ya nusu yao ni watembea kwa miguu, wa baiskeli na wa pikipiki. Sidhani kama hesabu hiyo ndiyo iliyowagusa. Kijana mmoja wa semi ya Zambia, mkubwa wa mwili, alinifuata nje gizani. Hakuniambia kitu chake, na mimi sikumuuliza. Alinipa shilingi elfu kumi, akaondoka, akarudi akaniongezea elfu kumi nyingine. Nilijua uso ule. Ni wangu wa miaka tisa.

Jambo moja lilibaki. Mwezi wa tano mwaka huu nilikwenda kumtafuta.

Nilivaa vizuri, nikapanda baiskeli, nikaanza kuuliza nyumba kwa nyumba kwenye vijiji vilivyo karibu na pale: mtu aliyekuwa na baiskeli, gunia la viazi, jembe, mwaka 2013, alisukumwa na Fuso la mbao. Nilisema wazi kwamba dereva ni mimi. Nilitegemea matusi, hata kipigo. Nilipata viti, nikapata uji. Siku ya pili nikafika kwa mzee mmoja aliyekuwa anachambua maharage kwenye turubai. Nikamwamkia, nikaketi chini, nikamweleza. Alisikiliza bila kuacha kuchambua, mbovu upande huu, nzima upande huu. Nilipomaliza akanyoosha mkono kuelekea barabarani.

"Mwanangu, pale wameanguka wengi. Wewe unamtafuta yupi?"

Akaanza kuwahesabu. Mjukuu wa jirani, mguu. Fundi mwashi, alikufa. Mama wa maziwa, alipona. Kijana mmoja wa viazi, ndiyo, alihamia Ludewa, au labda huyo ni mwingine. Alifika tisa, akasita, akasema wengine amewasahau. Niliomba msamaha kwake kwa niaba ya hao wote, kwa kuwa hakukuwa na mtu mwingine wa kumwomba. Aliniambia nimekuja, basi. Kisha akaniuliza kama ni kweli Butiama ni mbali kuliko Dar es Salaam, na nilipomwambia ndiyo, akaingia ndani akatoka na shilingi elfu mbili zilizokunjwa mara nne. Nilizikataa. Alikasirika. Nikazipokea kwa mikono miwili.

Elfu mbili hizo ziko kwenye daftari la mwalimu, mstari wa kumi na saba. Mpaka juzi tulikuwa tumefikisha shilingi 1,364,000. Baiskeli nne za wahudumu zimeshatengenezwa, na ya mama yule wa begi la bluu ina taa mbele, kiakisi nyuma na kioo kidogo kwenye usukani ili aone kinachokuja. Sukari yangu asubuhi ni 6 au 7. Makambako hadi Njombe natumia saa tatu na nusu, sisukumi kilima hata kimoja. Bado kuna miezi, na bado naogopa kila lori.

Dereva mwenzangu, ukipita barabara ya Njombe alfajiri ukaona nukta nyekundu inayopanda na kushuka mbele yako, huyo ni mtu anayenyonga baiskeli. Ondoa mguu kwenye mafuta. Piga honi fupi, mara mbili, ukiwa mbali. Subiri upande wa pili uwe mweupe, kisha mpishe kwa mita moja na nusu. Nimekupimia kwa saa: haikuchukui hata nusu dakika.